Nilikuwa nakula mara moja kwa siku, hedhi ikapotea miezi kadhaa: wasichana wa Mombasa naomba mnisome

dera_la_bluu (mwenye uzi)

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Nina miaka 24, nakaa Kisauni, nauza leso na madera kwenye duka moja Barabara ya Biashara. Wiki iliyopita msichana tunayefanya naye kazi, wa miaka 19, aliniambia ameshafika masaa 18 bila kula na sasa anataka afike 20. Alinieleza kwa furaha, kama mtu aliyepasi mtihani. Nikamuuliza mara ya mwisho kuingia mwezini ilikuwa lini. Akanyamaza, akaanza kukunja leso ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Ndipo nikasema niandike.

Mimi nilianza mwaka jana, miezi minne kabla ya harusi ya binti wa mama mdogo. Tulikuwa wasichana tisa, sare moja. Nilikuwa na kilo 63 kwa futi tano na inchi tatu, uzani ambao hautishi daktari yeyote. Lakini nilikuwa nimeona video TikTok za kufunga kula masaa 16 na kula ndani ya masaa 8, nikaanza: nala saa sita mchana, namaliza saa mbili usiku. Na nasema kwa haki, wiki za mwanzo nilijisikia vizuri. Tumbo liliacha kujaa gesi, vitafunio vya usiku nikaviacha, kilo tatu zikaenda bila taabu. Laiti ningeishia hapo.

Sikuishia. Nikaingia masaa 18, kisha 20, kisha mlo mmoja. Asubuhi kahawa tupu. Mchana wenzangu wakila mimi napanga mizigo. Saa kumi na moja jioni nikitoka kazini nala viazi karai vinne na chai, au nikifika nyumbani napakuliwa wali wa nazi na samaki, nikifika nusu sahani nimeshiba, siwezi tena. Tumbo likizoea udogo halikubali chakula cha siku nzima kwa mara moja. Mpaka siku ya harusi nilikuwa na kilo 51.

Nilisifiwa usiku kucha. Mashallah, umekuwa msichana mdogo, tuambie siri. Bibi yangu peke yake alinishika mkono, hakuuachia, akauliza, "Mbona baridi hivi, mjukuu wangu, na joto lote hili?"

Hedhi ilikuwa imechelewa siku kumi mwezi wa kwanza, kisha haikuja tena. Nilifurahi. Naliandika hili nikiwa na haya, lakini ni kweli: niliona nimepumzishwa maumivu na gharama ya pedi. Nywele zilipoanza kutoka kwenye kitana nikasema ni mafuta mabaya. Nilipopanda ngazi kushusha robota la leso macho yakaingia giza, nikashika rafu nikatelemka polepole, nikasema ni jua.

Mama ndiye aliyejua. Nyumbani kwetu pedi zinakaa kabati moja na yeye ndiye anayenunua, na pakiti yangu ilikuwa haijafunguliwa miezi. Hakusema kitu mbele ya watu. Baada ya Isha aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akaweka kipimo cha mimba juu ya mto. "Kapime, mwanangu. Kisha uniambie ukweli." Nilipima, ukaja mstari mmoja. Alikishika kile kijiti karibu na taa, akakigeuza, akakirudisha, akasubiri. Baadaye aliniambia kwamba usiku ule hakulala, kwa sababu kama si mimba basi ni ugonjwa gani.

Kliniki ya kwanza hawakuniuliza nala nini. Nilipewa vidonge vya homoni, damu ikatoka siku nne, nikaambiwa nimepona. Mwezi uliofuata hakuna. Vidonge vile huleta damu kwa nguvu ya dawa. Kilichozima ndani hakijawashwa.

Mahali pa pili nilipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, mama mmoja mtaratibu sana. Alinipa daftari, akaniambia niandike kila kinachoingia mdomoni kwa siku saba, hata sukari ya chai. Tulipojumlisha ilikuwa kama kalori 850 kwa siku. Kisha akachukua kalamu akanipigia hesabu ambayo sitaisahau. Katika kilo zako 51, mafuta tuseme ni 11. Zinabaki 40 za misuli, mifupa, damu na viungo. Kila kilo moja kati ya hizo inahitaji angalau kalori 30 kwa siku ili ubongo uone kuna chakula cha kutosha kubeba mimba. Arubaini mara thelathini ni 1,200. Na hapo bado hujatoa zile unazotumia kwenye mazoezi. "Wewe unaishi na 850," akasema. "Mwili umechagua moyo na ubongo viendelee, ukafunga uzazi."

Hiyo 30 hakuitoa kichwani. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2003, Loucks na Thuma, waliochukua wasichana 29 wenye hedhi ya kawaida, wakawapunguzia nguvu ya chakula kwa viwango mbalimbali. Chini ya 30, mapigo ya homoni ya LH, ile inayoliamrisha yai litoke, yalivurugika. Ilichukua siku tano tu. Sehemu ya ubongo inayoitwa haipothalamasi ndiyo inayotuma amri ya kwanza, na inasikiliza mafuta ya mwili kupitia homoni ya leptini. Leptini ikishuka, amri inapungua, ovari zinazotoa mayai zinalala, estrojeni, ile homoni ya kike, inakauka. Unaweza kuwa na uzani wa kawaida kabisa, kama mimi na kilo 51, na bado ukafika huko.

Kwa hiyo sisemi kufunga masaa ni sumu. Ninachosema ni kwamba saa ukutani haijui umekula nini. Msichana anayefupisha saa za kula mara nyingi anafupisha na chakula chenyewe bila kujua, na mtu wa kwanza kumwambia huwa ni hedhi yake.

Ulizeni, nitajibu nikitoka dukani.

---

mapera_matamu

Pole sana shoga yangu, na Mola akuzidishie afya. Lakini naomba niweke upande wangu, kwa sababu kuna watakaosoma kichwa cha uzi wakakimbia.

Mimi nina PCOS, ule ugonjwa wa homoni unaovuruga ovari na hedhi. Nilikuwa na kilo 92, hedhi mara mbili au tatu kwa mwaka, ndevu kidevuni zinanifanya nijifunike mtandio mpaka mdomoni. Daktari aliniambia insulini yangu, homoni inayodhibiti sukari, iko juu na hiyo ndiyo inayozichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Akaniweka kwenye kula kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Milo miwili mikubwa na kitu kidogo katikati, nashiba kweli. Mwezi wa tatu damu ilikuja, wa nne ikaja tena, na sasa inahesabika.

Kwa hiyo kilichokufungia wewe kilinifungulia mimi.

---

dera_la_bluu

Ahsante sana kwa kuandika hivi, na ndivyo ninavyotaka tuzungumze. Uliyoyapitia yanajulikana: kuna utafiti wa China wa mwaka 2021, wanawake 15 wenye PCOS, saa zile zile ulizopewa wewe, saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, wiki tano. Insulini ilishuka, homoni za kiume zikashuka, na 11 kati yao hedhi ikatengemaa. Ni wanawake wachache na muda mfupi, lakini ni habari njema.

Angalia tofauti yetu lakini. Wewe ulikuwa na akiba, daktari anakufuatilia, unakula mapema, unashiba. Mimi sikuwa na cha kupunguza, nilikuwa nakula jioni, na daktari wangu alikuwa simu.

---

kijana_wa_tudor

Dada, heshima yako. Mimi nafunga masaa 16 mwaka wa pili sasa, nimetoka kilo 98 mpaka 84, presha imeshuka. Hii kitu imepata mpaka tuzo ya Nobel, mwili unajila takataka zake wenyewe. Sasa kwa nini wanawake iwe shida?

---

dera_la_bluu

Hongera kaka yangu kwa presha, hilo si dogo.

Hiyo Nobel ni ya mwaka 2016, ya Yoshinori Ohsumi wa Japani, na alipewa kwa kugundua jinsi seli zinavyokula na kutumia tena sehemu zake zilizochakaa. Aliyafanya kwa hamira. Ndiyo, hamira kama ile ya mahamri. Ni kazi kubwa sana, lakini haikumpima msichana hata mmoja kama akinywa kahawa tupu mpaka jioni atakuwaje. Masaa 8 nayo yalipata umaarufu kutoka kwa panya: maabara ya Satchin Panda huko California, mwaka 2012, panya waliolishwa mafuta mengi ndani ya masaa 8 hawakunenepa kama wenzao waliokula chakula kile kile usiku na mchana.

Kwa watu, mwaka 2018 kulitoka utafiti uliopendwa sana: kula ndani ya masaa 6, na chajio kabla ya saa tisa alasiri, kulishusha presha na kuisaidia insulini kufanya kazi hata bila kupungua uzani. Washiriki walikuwa wanane, wote wanaume walio karibu na kisukari. Kumbe mwenye kufanana nao ni wewe, si mimi. Na kule nyuma, 2005, watu 16 walifunga siku moja na kula siku moja kwa wiki tatu. Kwa wanawake, sukari baada ya chakula ilienda vibaya kidogo, kwa wanaume haikuwa hivyo.

Kwa upande wa uzani wenyewe, tusidanganyane. Marekani mwaka 2020 watu 116 waligawanywa, wengine wale saa sita mchana hadi saa mbili usiku, wengine wale milo mitatu kama kawaida. Baada ya wiki 12 waliofunga walipungua kama kilo moja (0.94), wenzao 0.68, na kitaalamu hiyo si tofauti. Kilichonishtua mimi ni kwamba waliofunga, waliopimwa mwili kwa mashine, walipoteza zaidi misuli kuliko mafuta. Na Guangzhou, China, mwaka 2022, watu 139 wanene, mwaka mzima, wote wakipunguziwa kalori: waliofuata saa walipungua kilo 8, wasiofuata 6.3, na hapo pia wakasema tofauti haitoshi kuhesabika. Mafanikio yalikuwa ya sahani, saa ilisaidia tu kumzuia mtu asile ovyo.

---

bibi_wa_pwani

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Naona mnazungumza kufunga kama jambo jipya. Sisi tumefunga Ramadhani tangu utotoni, na Jumatatu na Alhamisi za suna, na tumezaa. Mbona hatukukatika hedhi?

---

dera_la_bluu

Shikamoo bibi. Nilikuwa nasubiri mtu mwenye umri wako aliseme hili.

Nilimuuliza yule mama wa lishe swali hili hili. Kwetu hapa karibu na ikweta saumu ni kama masaa 13 na nusu, haibadiliki sana mwaka mzima. Magharibi tunafungua kwa tende na uji, kuna futari ya muhogo au viazi vitamu vya nazi, baada ya tarawehe kuna chakula, alfajiri kuna daku. Hiyo ni milo mitatu, imehamishiwa usiku tu. Na mwanamke akiingia mwezini dini yenyewe inamwambia ale, atalipa baadaye. Mwenye mimba au anayenyonyesha akihofia afya yake au ya mtoto ana ruhusa. Ni mwezi mmoja, kisha Idi.

Mimi nilifunga miezi minane bila daku, bila Idi.

Lakini bibi, mtusaidie jambo moja. Siku hizi kuna wasichana wanaikataa daku makusudi ili Ramadhani iwapunguze. Nilikuwa mmoja wao. Mama akiniamsha namwambia sijisikii. Nyinyi mnaweza kusema maneno ambayo sisi wenyewe kwa wenyewe hatuambiani.

---

bibi_wa_pwani

Marahaba mwanangu. Hilo la daku nimelisikia, na nimelielewa. Nina wajukuu wawili ndani ya nyumba hii, nitawaamsha mwenyewe.

---

nesi_likoni

Salaam wote. Mimi ni muuguzi, na nataka kuongeza kitu ambacho mwenye uzi amekipita: damu.

Msichana anapoteza madini ya chuma kila mwezi. Wanaokuja kwetu wakiwa wamechoka, midomo imepauka, kisunzi, moyo unapiga mbio wakipanda ngazi, tukipima hemoglobini, yaani wingi wa damu, tunakuta chini ya 12, na kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 ni upungufu wa damu. Duniani, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), ni karibu wanawake 3 katika kila 10 wa umri wa kuzaa. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpunguzia milo kutoka mitatu hadi mmoja, na huo mmoja ni chipsi, chuma atakitoa wapi?

Na kuna suala la chai. Chai ya rangi au ya maziwa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye kunde, mbaazi, mchicha. Anayekula mara moja kwa siku, na mara hiyo moja anaiteremshia kwa chai, amejinyima mara mbili. Kunywa chai saa moja au zaidi baada ya kula. Mboga zako zikamulie limau, au malizia na pera, embe, chungwa. Vitamini C inafungua njia. Dagaa na maini ni chuma kinachofyonzwa kwa urahisi zaidi, na dagaa wa Kongowea hawahitaji pesa nyingi.

La pili, maumivu ya hedhi. Wengi wenu mnameza ibuprofeni au diklofenaki tumbo tupu kwa sababu "saa zangu za kula bado". Tafadhali msifanye hivyo. Watu husema njaa huleta vidonda vya tumbo. Vingi huletwa na bakteria wa Helicobacter pylori (Marshall na Warren wa Australia walipewa Nobel mwaka 2005 kwa hilo) pamoja na dawa hizi hizi za maumivu. Njaa huweza kuchokoza maumivu ya vilivyopo.

La tatu ni mfupa, na hili silo la kuonekana leo. Mfupa wa mwanamke hujengwa mpaka kwenye miaka ya ishirini na kitu, na estrojeni ndiyo inayoulinda. Kila mwezi ambao hedhi imekatika kwa njaa ni mwezi wa kutoa kwenye benki badala ya kuweka. Hedhi iliyokuwa ya kawaida ikikosekana miezi mitatu, njoo hospitali. Tutapima mimba kwanza, msituone tunawadharau, ni utaratibu. Kisha tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa) na mengine. Njaa si sababu pekee.

Wasiopaswa kuligusa jambo hili kabisa bila daktari: walio chini ya miaka 18, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, na ambao tayari ni wembamba.

---

bintiye_fundi

Samahani naandika kwa akaunti mpya. Nina miaka 20. Mimi hufunga mpaka saa mbili usiku, halafu nikianza kula siwezi kusimama. Nala mkate mzima, sufuria ya watu wengine. Kisha naenda chooni najitapisha, kesho nafunga zaidi ili nilipe. Hakuna anayejua. Nilifikiri ni mimi tu sina msimamo.

---

dera_la_bluu

Mdogo wangu, nimesoma maneno yako mara tatu nikiwa kaunta na mteja ananisubiri.

Huna upungufu wa msimamo. Mwili ulionyimwa siku nzima ukipewa mlango unaingia wote kwa pamoja, na ukishaanza kulipa kwa kufunga unazunguka duara hilo hilo. Hata si wewe peke yako. Kanada walichapisha mwaka 2022 majibu ya vijana 2,762 wa miaka 16 hadi 30: karibu nusu ya wanawake walikuwa wamefunga kwa mtindo huu ndani ya mwaka, na kwao kufunga kuliandamana na kula bila kujizuia, kujitapisha na kufanya mazoezi kupita kiasi. Haithibitishi kipi kilianza. Lakini inatosha mtu kama wewe asifunge hata kidogo kwa sasa.

Kesho kula asubuhi. Hata kama usiku umekula. Hasa kama usiku umekula. Na mwambie mtu mzima mmoja.

---

nesi_likoni

Binti yangu, kujitapisha mara kwa mara hushusha potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupiga vibaya ghafla. Kwa hiyo usisubiri mpaka ujione umeharibika. Nenda hospitali wiki hii, omba daktari, mwambie maneno haya haya uliyotuandikia. Kama ni vigumu kuyasema, mwonyeshe simu asome. Nimekutumia ujumbe faraghani. Ukitaka nikupokee mlangoni, nitakupokea.

---

bintiye_fundi

Nimeuona. Nimejibu.

---

mapera_matamu

Nimelia. Dera, tuambie basi ulirudije wewe. Na unakula nini sasa, maana mimi nikisikia "kula vizuri" huwa sijui ni nini.

---

dera_la_bluu

Nilirudi polepole na kwa hofu. Wiki ya kwanza ya kula asubuhi nililia kwa sababu tumbo lilivimba, nikaona kila kitu kinarudi. Mama wa lishe aliniambia tumbo lililosahau kazi hujaa, litaacha baada ya wiki chache, na likaacha. Mizani aliniambia niipeleke kwa jirani. Niliipeleka kweli.

Sasa naamka, saa moja kasoro nala mahamri mawili na mbaazi za nazi, na yai kama lipo. Chai nabeba kwenye chupa, nainywa dukani saa tatu. Saa saba mchana wali au ugali, na samaki au kunde, mchicha na limau. Saa kumi tunda au njugu za mchuuzi anayepita. Chajio saa moja usiku, na baada ya hapo sili mpaka asubuhi. Ukihesabu, hayo ni kama masaa 12 ya kupumzisha tumbo, na yamenitosha. Nina kilo 58.

Damu ilirudi mwezi wa nne tangu nianze kula. Nilikuwa kwenye matatu juu ya Daraja la Nyali, nikahisi yale maumivu ya kiuno niliyoyachukia maisha yangu yote. Nilipofika nyumbani nilimwita mama chooni kama mtoto. Alitazama, akatoka, nikamsikia anafungua kabati.

Na yule msichana wa kazini: leo aliniuliza mwenyewe, tukipanga madera, kama kipimo cha hemoglobini kinauma. Kwake ni miezi mitatu. Jumanne tunaenda pamoja, nimeshaomba ruhusa kwa mwenye duka. Nitarudi hapa kuwaeleza, akiniruhusu.